Meza ya Marumaru na Saloni ya Kindu

Meza ndogo inayokaa katikati ya makochi, ambayo wakazi wa Kindu huiita kwa urahisi meza ya saloni, hubeba kazi nyingi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, kwa kuwa juu yake huwekwa chai ya mgeni wa asubuhi, bugali na sombe (mboga ya majani ya muhogo) ya mchana, madaftari ya wanafunzi wakati wa jioni na, umeme unapokosekana, taa inayoangazia chumba kizima. Katika mji mkuu huu wa jimbo la Maniema meza hiyo kwa kawaida ni ya mbao, kazi ya seremala wa mtaani aliyepata miti yake katika misitu isiyo mbali; lakini picha za nyumba za kifahari zinazozunguka katika simu zimewafanya baadhi ya wenye nyumba waanze kutamani uso wa marumaru, mweupe wenye mishipa ya kijivu, mahali pa ule wa mvule. Uzuri wa jiwe hilo hauna ubishi. Linalostahili kupimwa kabla fedha hazijatoka mfukoni ni kama jiwe litaziweza kazi ambazo meza ya saloni hupewa katika mji huu, na jibu hutegemea zaidi jinsi watu wa nyumba wanavyokula na kupokea wageni kuliko rangi ya makochi yao.

Marumaru ni jiwe la chokaa lililobadilika umbile. Mashapo ya chokaa, ambayo aghalabu yalitokana na makombe ya viumbe wa baharini, yalizikwa chini sana ardhini, yakapata joto na kukandamizwa kwa muda mrefu mno, hata chembe zake zikajipanga upya na kuwa fuwele za madini yaitwayo kalisaiti. Jiwe likiwa safi huwa jeupe. Mishipa na mawingu ya rangi huletwa na udongo, chuma au kaboni iliyochanganyika nalo tangu mwanzo. Machimbo yanayotajwa zaidi duniani ni ya Carrara huko Italia, kulikotoka bonge ambalo Michelangelo alilichonga kati ya 1501 na 1504 akapata sanamu ya Daudi, na ya Makrana huko India, kulikotoka mawe meupe ya Taj Mahal, ingawa jiwe hili huchimbwa pia katika Afrika Mashariki, kwa mfano Kajiado nchini Kenya na Karamoja nchini Uganda.

Kwa kuwa kazi hizo za kale bado zimesimama, wengi hudhani kwamba marumaru ni jiwe gumu, na dhana hiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi. Katika kipimo cha ugumu wa madini kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 na kuishia 10 kwa almasi, marumaru hupata 3 tu, wakati chuma cha kisu hupata kati ya 5 na 6, na chembe za mchanga wa kawaida, ambazo kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatsi, hupata 7. Hesabu hiyo ina uzito wake Kindu, ambako barabara nyingi hazina lami na ambako vumbi jekundu la kiangazi, kati ya Juni na Agosti, huingia madirishani na kutua juu ya kila kitu, maana mtu anayelifuta vumbi hilo kwa kitambaa kikavu huwa anausugua uso wa jiwe kwa mchanga. Majivu na mchanga, ambavyo jikoni hutumika kusugulia masufuria yakatakata, havifai kabisa kufika saloni.

Haiba ya marumaru machoni pa Wakongo ina historia yake pia, na historia hiyo ni ya mamlaka. Katika wilaya ya Ngaliema, Kinshasa, lipo Palais de Marbre, yaani Kasri la Marumaru, ambamo Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001. Na huko Gbadolite, mji ulio msituni kaskazini mwa nchi, Mobutu Sese Seko alijijengea makasri yaliyopambwa kwa marumaru ya Italia, karibu na uwanja wa ndege ambao njia yake ilitosha kupokea ndege ya Concorde, makasri ambayo yaliporwa utawala wake ulipoanguka mwaka 1997. Jiwe lililozoeleka kwa njia hiyo haliwezi kukosa fahari. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba nyumba za aina hiyo zilikuwa na watumishi wa kufuta kila tone, chumba cha pekee cha kulia chakula na hazina ya kuleta jiwe jingine la kwanza likivunjika, mambo matatu ambayo saloni ya kawaida ya mitaa ya Kindu kama Kasuku au Mikelenge haina.

Adui wa kwanza wa marumaru katika saloni hiyo ni ndimu. Kalisaiti ni kabonati ya kalsiamu, na kabonati hiyo ikikutana na asidi, hata ile hafifu ya jikoni, huyeyuka na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Hivyo tone la ndimu lililoruka kutoka sahani ya samaki wa mto Lualaba, mchuzi wa nyanya, siki, maji ya nanasi au ya marakuja, na hata soda, ambayo utamu wake huficha ukali wa asidi iliyomo, vyote huula uso wa jiwe kwa muda wa dakika chache. Alama inayobaki haiondoki kwa kufutwa, kwa kuwa si uchafu uliokaa juu ya jiwe, ni sehemu ya jiwe iliyokwisha kuondoka. Anayesimama wima kando ya meza anaweza asiione kabisa, lakini akiinama hadi macho yake yalingane na uso wa meza, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yake, ataona duara hafifu lisilong'aa, lenye upana uleule wa kitako cha bilauri, na pembeni yake vitone vidogo kama vya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Kulirudishia jiwe mng'ao wake hudai fundi mwenye unga maalumu wa kung'arishia na subira ya kusugua eneo zima, si doa peke yake. Ipo dawa ya kupaka ambayo huingia katika vinyweleo vya jiwe na kuzuia vimiminika visipenye. Dawa hiyo husaidia dhidi ya madoa lakini haizuii asidi, na muuzaji anayeahidi vinginevyo ama hajui bidhaa yake au anajua na anadanganya.

Adui wa pili ni mawese. Mafuta mekundu ya michikichi, ambayo rangi yake hutokana na karotini, ndiyo roho ya sombe, ya maharage na ya samaki katika mapishi ya Maniema, na matone yake yakiachwa juu ya marumaru isiyopakwa dawa hunywewa na vinyweleo vya jiwe, yakaacha kivuli cha rangi ya chungwa au cha kijivu ambacho sabuni haikifikii. Doa la namna hiyo, tofauti na alama ya asidi, linaweza kunyonywa kwa kandiko, yaani uji mzito wa kaolini, ule udongo mweupe laini, au wa unga wa ngano uliochanganywa na sabuni ya maji au asetoni, ambao hupakwa juu ya doa, hufunikwa kwa plastiki kwa siku nzima, kisha hufunuliwa ukauke na kuvuta mafuta unapokauka. Mara nyingi kazi hiyo hurudiwa. Chai na kahawa huacha madoa kwa njia hiyohiyo. Kopo la nyanya au la maziwa ya unga, likiachwa usiku kucha juu ya jiwe katika hewa yenye unyevu ya bonde la Lualaba, huacha duara la kutu ambalo ni gumu kuliondoa kuliko madoa yote.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo wauzaji wa samani hawalitaji. Nyumba iliyo katika hatari kubwa zaidi ni ile inayojiona ya kisasa, ambamo kila mtu hula akiwa ameketi kochini huku sahani yake iko juu ya meza ya saloni. Na nyumba iliyo salama zaidi ni ile iliyoshika desturi ya kutandika mkeka, kama zilivyo familia nyingi za Kiislamu za Kindu, Kasongo na Kabambare, ambazo watu wake huketi chini na kulizunguka sinia moja, kwa sababu katika nyumba hiyo ndimu na mawese havipandi mezani hata siku moja. Huko meza ya saloni hubaki na birika, vikombe na labda kitabu, kazi ambazo marumaru huzimudu bila taabu. Nyumba yenye meza ya pekee ya kulia chakula iko katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwenye nyumba anapaswa kujiuliza ni mahali ambapo wali na bugali huliwa, na kama jibu ni saloni, juu ya meza hiyohiyo, marumaru iliyong'arishwa haifai, hata kama fedha zipo.

Swali la pili ni mara ngapi saloni hulazimika kuwa tupu. Msiba ukitokea, makochi na meza hutolewa nje, mikeka ikatandikwa, na chumba kikawa cha waombolezaji kwa muda wote wa matanga. Maulidi, kikao cha posa au sala za jumuiya nyumbani navyo hudai nafasi. Meza ya mbao hubebwa na vijana wawili wasiohitaji kuelekezwa. Marumaru ina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa kila mita moja ya ujazo, hivyo bamba la sentimita 120 kwa 60, lenye unene wa sentimita 2, hufikia karibu kilo 39 kabla ya miguu kuhesabiwa, na likiwa na unene wa sentimita 3 huvuka kilo 58. Lakini uzito si tatizo kubwa kuliko namna ya kubeba. Jiwe hustahimili sana kukandamizwa na halistahimili kupindwa, kwa hiyo bamba linaloshikwa ncha mbili na kubebwa likiwa limelala hupindwa na uzito wake lenyewe na linaweza kukatika katikati, aghalabu palepale kwenye mshipa uliolipa uzuri. Mafundi wa mawe hulisimamisha kwa ubavu, kama kioo cha dirisha kinavyobebwa, na hulilaza tu linapokuwa limeegemea kitu kilichonyooka. Vijana wa mtaa walioitwa usiku, kukiwa na kilio ndani ya nyumba, hawatarajiwi kuyakumbuka hayo, wala si haki kuwalaumu.

Hata kabla ya kufika saloni, bamba lina safari. Kindu iko kwenye ukingo wa kushoto wa Lualaba, na bidhaa nzito ziliifikia kihistoria kwa reli na mto: reli ya kilomita 355 kutoka Kongolo, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kukwepa maporomoko, inaiunganisha na Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika na, kwa upande mwingine, na Lubumbashi; kuelekea kaskazini, vyombo vya majini huteremka hadi Ubundu, kisha reli ya kilomita 125, iliyokamilika mwaka 1906, huzunguka maporomoko ya Boyoma hadi Kisangani. Jiwe lililoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupitishwa Kigoma na Kalemie hupakuliwa na kupakiwa tena kutoka meli hadi treni, kutoka treni hadi chombo cha ziwani, na kutoka hapo hadi treni nyingine ambayo ratiba yake si ya kutegemewa, na kila upakuaji ni nafasi mpya ya ufa. Ndege ni ya haraka, lakini nauli ya mzigo hukadiriwa kwa kilo, kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza uzito wa bamba, akauzidisha kwa nauli ya siku hiyo, ndipo akaangalia bei ya meza yenyewe. Kwa anayeishi Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto, bado kuna kuvuka, na mtumbwi wenye mota si mahali pa kujifunza kubeba jiwe kwa ubavu. Linalouma zaidi ni kwamba bamba likivunjika hakuna duka jirani la kununua jingine linalofanana nalo, kwa kuwa mishipa ya mabamba mawili hailingani isipokuwa yamekatwa mfululizo kutoka bonge moja.

Ugumu huo wa usafiri huchochea uigaji. Mengi yanayouzwa kama marumaru ni karo za kaure zilizochapwa picha ya jiwe, mbao za unga wa miti zilizobandikwa karatasi ya plastiki, au mchanganyiko wa unga wa jiwe na gundi ya resini uliomiminwa katika kalibu. Utambuzi wake si mgumu kwa mtu asiye na haraka. Mshipa wa jiwe halisi huonekana pia kwenye ubavu na hata upande wa chini wa bamba, wakati picha iliyochapwa hukoma ukingoni. Tone la siki likiwekwa upande wa chini, mahali pasipoonekana, hutoa mapovu madogo juu ya marumaru na halitoi kitu juu ya kaure au matale, jiwe gumu ambalo wengi hulijua kwa jina la graniti. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana mchanganyiko wa unga wa marumaru na resini nao huweza kutoa mapovu. Lakini sindano iliyopashwa moto, ikigusishwa chini ya bamba la namna hiyo, huleta harufu ya plastiki inayoungua, na jiwe halina harufu. Muuzaji asiyekubali bamba ligeuzwe amekwisha kutoa jibu.

Si kwamba uigaji wote ni hasara. Karo ya kaure ya sentimita 60 kwa 60, iliyolazwa na seremala ndani ya fremu ya mvule, ina uzito wa kilo 8 au 9 tu, haijali ndimu, hainywi mawese, na ikipasuka hubadilishwa kwa nyingine ya sokoni. Kwa saloni ambamo watu wanakula, hiyo ni meza bora kuliko ya marumaru halisi, na aibu ya kuitumia haina msingi. Njia nyingine ni granito, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha ikasuguliwa hadi ikalainika, aina ileile ya sakafu inayoonekana katika majengo ya zamani ya wakoloni, ingawa saruji nayo huliwa na asidi na inahitaji kupakwa nta. Mvule wenyewe, ukikaushwa vizuri na kukatwa mbali na nyama nyeupe ya pembeni mwa gogo, hustahimili mchwa kuliko mbao nyingi, jambo la maana katika mji ambao mchwa hula hata milango. Na hapo lazima marumaru ipewe haki yake, kwa kuwa hakuna mchwa anayeila, haivimbi wakati wa mvua, na ubaridi wake katika joto la mchana ni raha ambayo mbao haziwezi kuitoa.

Aliyekwisha kujiuliza maswali yote mawili, na bado akaona kwamba jiwe linamfaa, atafanya vizuri kuchagua bamba dogo la duara, kwa mfano lenye kipenyo cha sentimita 80, ambalo kwa unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 27 hivi, halina pembe za kuumiza watoto, na huacha njia kati ya makochi yaliyopangwa kuzunguka kuta tatu. Rangi yenye mishipa mingi huficha mikwaruzo kuliko nyeupe tupu, na uso usiong'arishwa huficha alama za asidi ingawa hunywa mafuta upesi zaidi, kwa hiyo huo usiokuwa na mng'ao usitumiwe bila dawa. Sakafu lazima iwe ya saruji na iliyo sawa, kwani miguu ikizama katika udongo kwa viwango tofauti, bamba hupindwa kidogo kidogo hadi linapasuka bila mtu kuligusa.

Kiunzi cha chini ni bora kitengenezwe papo hapo Kindu, kwa mvule wenye mihimili miwili inayopishana chini ya bamba lote, kuliko kwa vyuma vya kuchomelea, ambavyo hushika kutu na kuipitisha kwenye jiwe. Kati ya mbao na jiwe huwekwa vipande vya kitambaa kizito cha rangi nyeupe. Mpira mweusi uliokatwa kutoka tairi ya pikipiki, ambao mafundi huupenda kwa kuwa haugharimu kitu, unaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Bamba lisigundishwe wala kufungwa kwa misumari, bali likae katika mdomo mdogo uliochongwa kuzunguka kiunzi, ili siku saloni inapohitajika liweze kuinuliwa peke yake, kusimamishwa kwa ubavu juu ya gunia lililokunjwa, na kuegemezwa ukutani katika chumba cha kulala, huku vijana wakitoka na kiunzi.